Kitabu Kilichosomwa Mpaka Kivuko Kifike

Siku magari yalipoanza kupita juu ya daraja, Kigongo nzima ilishangilia isipokuwa watu wawili. Mmoja alikuwa mama aliyeuza samaki wa kukaanga jirani na lango la kivuko. Wa pili mimi. Mama alikuwa na sababu ya kueleweka: ana watoto, na karai lake la mafuta lilitegemea foleni. Mimi nilikuwa nimekalia boksi la riwaya niliyoiandika na kuichapisha kwa fedha zangu, nikitazama mabasi ya Geita yakivuka maji bila kusimama, na moyoni najiuliza: sasa hawa watu watapata wapi muda wa kusoma?

Najua ni aibu mtu mzima kuchukia daraja. Wagonjwa walikuwa wakisubiri zamu ya kuvuka huku wanazidiwa, maziwa yakiganda, nyanya zikioza kwenye malori. Yote hayo nayakubali. Lakini mwandishi anayejichapia vitabu hana tofauti kubwa na muuza majeneza. Riziki yake inatoka kwa watu waliokwama.

Shule niliiacha kidato cha pili. Watu hudhani nilifukuzwa au nilikosa ada, kumbe miguu yangu tu ilikuwa haikubali kukaa chini ya dawati wakati malori yanapita barabarani na sijui yanakwenda wapi. Nikapanda mojawapo. Nimeanika dagaa Ukerewe, nimeponda mawe ya dhahabu Geita, nimelinda ghala la pamba Kisesa, ghala ambalo halikuwa na pamba. Kila nilikokwenda nilisoma kilichokuwepo. Nilisoma maelekezo ya dawa za ng'ombe, nikasoma katiba za vikoba, na zaidi ya vyote nilisoma karatasi za kufungia maandazi na samaki, ambazo zilinipa elimu kubwa ya hadithi zisizo na mwanzo na kesi ambazo hukumu yake imelowa mafuta.

Ndipo nikaandika yangu. Ilimhusu bwana mmoja mwenye wake wawili, mmoja Mwanza, mwingine ng'ambo huko Sengerema. Kila mke anaamini yuko peke yake kwa sababu kati yao kuna maji, na bwana huyo anayategemea maji kuliko anavyomtegemea Mungu. Mpaka siku moja kivuko kinazima injini katikati ya ziwa, na wote watatu wamo ndani. Hapo nikawa nimekwama pamoja nao. Nikampelekea mwalimu mmoja mstaafu, jirani yangu Nyegezi, apitishe jicho. Alikaa nayo masika yote. Nilipoifuata, alikuwa na uso wa daktari mwenye majibu mabaya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mafunzo yako wapi?"

"Mafunzo?"

"Kitabu bila mafunzo ni porojo, kijana. Shule hazitakigusa. Na shule zisipokigusa utamuuzia nani? Wavuvi?"

Neno "shule" lilinipanda kichwani kama gongo. Nikaona malori yakibeba maboksi yangu wilaya kwa wilaya, watoto wakikariri majina ya wahusika wangu kwa hofu ya mtihani. Nikaandika sura ya mwisho usiku na mchana. Ndani yake mchungaji anasimama humo kivukoni, anahubiri kurasa tano, bwana analia, wake wanasamehe, injini inawaka. Mwalimu akasema sasa hiki ni kitabu. Nikazunguka kwa walimu wakuu, na kila mmoja akaniambia niache nakala waipitie. Wanaipitia mpaka leo.

Mchapaji wangu pale mjini kazi yake hasa ni kadi za harusi na kalenda. Picha ya kivuko hakuwa nayo, akaniwekea jaladani meli kubwa nyeupe ya ghorofa nyingi, yenye bwawa la kuogelea juu. "Chombo ni chombo," alisema. Kwa hiyo kabla sijamuuzia mtu kitabu ilinibidi kwanza niombe radhi kwa ajili ya meli.

Halafu wakaja ndugu. Ukichapisha kitabu ndipo unajua una ndugu wangapi. Wote wanakupongeza kwa mkono wa kulia na kunyoosha wa kushoto. "Hongera sana, changu kiko wapi?" Watu hao hao hawajawahi kumpongeza muuza nyama ili awape kilo. Mwenzangu wa zamani pale ghalani aliniomba nikirushe chote kwenye grupu la wasapu.

"Watu wakufahamu," akasema.

"Wakishanifahamu?"

"Wanakufahamu tu."

Nikawakimbia. Nikaenda kivukoni, mahali pekee ninapopajua ambapo Mtanzania anakaa chini saa nzima bila kuwa na msiba.

Nilitandika turubai kati ya mama wa samaki na bwana mmoja aliyeuza vijitabu vya ufugaji wa kuku. Bwana wa kuku aliuza kama njugu. Kwangu watu waliokota kitabu, wakakipima uzito mkononi, wakaitazama meli, wakanitazama mimi.

"Cha dini hiki?"

"Hapana. Hadithi."

"Ya kweli?"

"Ya kutunga."

"Yaani uongo."

"Uongo mzuri."

"Na wa kulipia." Kikarudishwa taratibu, kama mtu anavyorudisha mtoto asiye wake.

Hao walikuwa afadhali. Wabaya ni wale waliosoma. Walichuchumaa kando ya turubai, wakafungua ukurasa wa kwanza, wakazama kabisa, midomo ikichezacheza. Mimi nikivimba kifua. Halafu honi ya kivuko inalia, wote wanasimama, wanapangusa magoti, wananikabidhi vitabu vyangu mmoja mmoja. "Asante, kaka. Kizuri."

Mama wa samaki alikuwa anacheka mpaka anashika kiuno.

"Mwandishi, mimi mteja akimaliza samaki hanirudishii miiba akasema asante."

"Wanaonja, mama."

"Wanaonja mpaka wanashiba. Wewe unauza samaki au unauza harufu?"

Alinishauri niuze kama yeye, kichwa peke yake na mkia peke yake. Nikafanya kitu kinachokaribia hicho: kila kitabu nilikifunga rababendi kuanzia sura ya nne hadi mwisho, ili anayetaka kuendelea anunue. Nilisahau kwamba watu wa kanda hii ni waungwana. Hakuna aliyeivua. Walisoma mpaka rababendi inapoanzia, wakafunga kwa adabu, wakanigeukia.

"Hebu nimalizie kwa mdomo. Huyu mke wa ng'ambo alikuja kujua?"

Na mimi, kwa kiherehere cha mwandishi aliyeulizwa swali, nikawa nasimulia. Kivuko kilifika kabla sijamaliza, kila mara. Haukupita muda nikawa maarufu kuanzia Sengerema hadi Chato kwa kitabu ambacho hakuna aliyekimaliza. Makondakta walinipa jina. "Sura Tatu, habari za leo?" Nikaitika. Mtu akikosa wanunuzi hukubali hata jina.

Ndipo akaja dada fundi. Alikuwa fundi cherehani wa Sengerema, kila wiki anavuka kwenda mjini kununua vitambaa. Mara ya kwanza alisoma amesimama, furushi begani. Akafika mahali ambapo yule bwana, akitaka kuondoa harufu ya marashi ya mke wa Mwanza, anajimwagia maji ya ziwa, na akifika ng'ambo mke wa pili anamnusa na kumuuliza ameanza lini uvuvi. Akacheka kwa sauti, furushi likaanguka. Hakuna kinachomharibu mwandishi kama mtu kucheka pale pale alipokusudia. Nikamvulia rababendi.

"Soma tu, dada."

"Sinunui, kaka. Nakwambia mapema, usije ukanitazama kwa jicho."

"Soma."

Honi ilipolia akakunja pembe ya ukurasa, akanirudishia. Wiki iliyofuata akaja akaomba "kile changu". Ikawa ndiyo desturi yetu. Nakala ile niliiweka kando, haikuwa ya kuuza tena. Ikapata mafuta ya samaki kwa vidole vyake, ikalowa mvua, meli nyeupe jaladani ikachubuka na kuota madoa mpaka ikaanza kufanana na kivuko kweli. Na kila wiki ile pembe iliyokunjwa ilisogea mbele kidogo, nami naiangalia kama mkulima anavyoangalia mahindi.

"Unataka kumuoa au kumuuzia?" mama wa samaki aliniuliza.

"Nataka amalize."

"Hayo ni maradhi gani sasa?"

Yalikuwa maradhi. Hakuna binadamu aliyewahi kufika mwisho wa kitabu changu kwa hiari yake. Mwalimu alifika kwa sababu ya kalamu nyekundu, mchapaji hakusoma hata jina la kitabu. Fedha nilikwisha kuzikatia tamaa. Nilichotaka ni mtu mmoja atoke ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho kwa miguu yake, halafu aniambie ameona nini huko. Na huyu dada alikuwa anakwenda. Alifika injini inapozima. Wale wake wawili wameketi benchi moja, bwana kajificha nyuma ya lori la mkaa, imebaki sura moja tu. Honi ikalia. Akakunja pembe.

"Wiki ijayo nataka nione watakavyotazamana," akasema, akakimbilia kivuko.

Wiki hiyo ndiyo daraja lilipofunguliwa.

Mama hakuomboleza muda mrefu. Alihamisha karai lake hadi Usagara, pale barabara zinapokutana. Nilimsaidia kubeba masufuria. "Samaki anauzika popote penye njaa," aliniambia. "Kitabu chako kinataka watu waliokwama. Nenda ukawatafute waliokwama."

Nikawatafuta. Stendi ya Nyegezi walikuwepo, lakini wamekwama pamoja na simu zao. Kwenye benchi la hospitali mzee mmoja aliniuliza kitabu kinatibu nini, na niliposema hakitibu chochote alinitazama kwa huruma, kana kwamba mimi ndiye niliyeletwa pale. Kisesa, siku ya mnada wa ng'ombe, mfugaji mmoja alikikagua kama anavyokagua fahali: akatazama mgongo, akakifungua mdomo, akauliza umri wake. Kisha akasema kimekonda.

Hayo nilizoea. Nilichoshindwa kuzoea ni ile pembe iliyokunjwa. Nilikuwa nikifungua begi naiona, nikilala naikumbuka. Nilijisema, huyu mwanamke anaishi na injini iliyozima, na dawa ninayo mimi. Nikajitia kuwa tabibu. Nikajaza begi vitabu vilivyobaki, kile chake nikakiweka juu, nikapanda basi la Sengerema. Tulipoingia darajani nikafungua ukurasa wa kwanza ili kupima. Tukatokea ng'ambo sijaumaliza, na mimi ndiye niliyeuandika.

Kumpata haikuwa kazi. Sokoni kuna safu ya mafundi cherehani chini ya mabati, wote wanawake, na nilipouliza juu ya dada anayependa kusoma wote walisimamisha miguu.

"Wewe ndiye wa kivukoni?" mmoja akauliza, mnene, sindano mdomoni.

"Ndiye."

"Wa bwana aliyenuka dagaa?"

Wakacheka, na mwishoni mwa safu dada fundi akainua kichwa. Hakushangaa hata kidogo. Akanivutia kigoda.

"Karibu, kaka. Hawa wote nimewasimulia. Wanakijua chote."

"Chote vipi? Mwisho hujausoma."

"Tulimaliza wenyewe. Tungekaa tunakungoja wewe mpaka lini?"

Yule mnene alitoa sindano mdomoni ili anisimulie vizuri. Wale wake wanatazamana, akasema, kisha wa Mwanza anamuuliza mwenzake, wewe alikwambia anafanya kazi gani? Wanaanza kulinganisha uongo. Mmoja aliambiwa ni mkaguzi wa pamba, mwingine aliambiwa ni fundi wa umeme. Injini inapowaka wamekwisha kuwa marafiki, wanashuka wote Busisi, gati la upande huu, wanafungua duka la vitenge. Bwana anabaki kivukoni anakwenda na kurudi, anakwenda na kurudi, kwa sababu pande zote mbili hana pa kushukia.

"Na tangu daraja lifunguliwe," akaongeza wa pembeni, "tunabishana walimshushia wapi."

Niliwaambia, kwa sauti ya mwenye mali, kwamba huo si mwisho wa kitabu.

"Basi upo upi?" dada fundi akauliza.

Nikampa kile chake. Akaipapasa ile pembe, akaikunjua, akaanza kuwasomea kwa sauti. Vyerehani vilinyamaza. Mimi niliketi kwenye kigoda mikono magotini, natazama uso wake, nangoja. Akasoma benchi, akasoma lori la mkaa. Akafika mchungaji anaposimama. Akasoma ukurasa mmoja wa mahubiri, akageuza wa pili, sauti ikaanza kushuka kama redio inayoishiwa betri. Lakini alisoma. Alifika mpaka neno la mwisho, akafunga kitabu, akakiweka juu ya cherehani.



"Huyu mchungaji alipandia wapi?" yule mnene akauliza.

"Hakuwepo kwenye foleni," wa pembeni akajibu. "Mimi nilisikiliza toka mwanzo."

"Alikata tiketi kweli?"

"Kanisani kwangu hayupo, simjui."

Dada fundi hakucheka. Alinitazama kwa upole, na ule upole ndio ulionikata.

"Kaka, huku kote ulikuwa unatembea taratibu, unatuonyesha vitu. Hapa ulikimbia. Ulisikia honi?"

Nikawaeleza habari ya mwalimu na shule. Nilitaka waelewe kwamba yalikuwa maarifa.

"Na shule zilinunua?"

"Hazijanunua."

"Kwa hiyo amehubiri bure," akasema yule mnene, akarudisha sindano mdomoni.

Nilidhani nimemaliza safari yangu. Nilikuwa nimempata mtu wa kufika mwisho, akafika, akaniambia alichokiona. Nikanyoosha mkono nichukue kitabu niondoke na aibu yangu. Dada fundi akakishika.

"Hiki nakichukua mimi. Nusu bei."

"Kwa nini nusu?"

"Mtumba. Tazama kilivyochakaa."

"Aliyekichakaza ni wewe."

"Ndiyo maana najua thamani yake."

Akavuta mkasi. Ule mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa vya suti. Akafungua kitabu mahali injini inapozima, akalaza kidole, na kwa mkato mmoja mrefu akaitoa sura ya mwisho bila kuacha hata uzi. Akazikunja zile karatasi vizuri kama mabaki ya kitambaa cha mteja, akanipa. "Hizi zako."

Nikazipokea. Kabla sijasimama, yule mnene akauliza kama begini nina vingine.

"Ninavyo."

"Vina mchungaji?"

"Vinaye."

"Lete, tukukatie."

Walivikata vyote, kwa zamu, kila mmoja akihakikisha mkono haupindi. Vingine walivichukua wao, vilivyobaki waliviita kwa sauti sokoni, "hadithi ya bwana wa kivuko, malizia mwenyewe", na waliokuja kununua ni watu ambao mwaka mzima walikuwa wakinirudishia kitabu na kusema asante. Mmoja nilimkumbuka kabisa. Aliniuliza kama bei ni ile ile ingawa kimepungua, na dada fundi akamjibu kwa niaba yangu kwamba suti ikipunguzwa mpaka ikukae vizuri huwezi kudai chenji.

Nilirudi begi likiwa limejaa miisho. Nikashuka Usagara kwa mama wa samaki, maana nilikuwa na njaa, na nilitaka mtu wa kunicheka. Alicheka. Halafu akapima zile karatasi kwa jicho la kibiashara, akaniambia magazeti siku hizi yamekuwa adimu. Nikampa zote, nikakaa kwenye benchi lake nikala.

Dereva mmoja wa lori alikuwa anakula pembeni yangu. Alipomaliza samaki hakuitupa karatasi. Aliilaza gotini, akaisoma huku analamba vidole, akaigeuza upande wa pili akasoma na huko, akamwomba mama ile iliyofungia chumvi aone kama inafuatia. Ilifuatia. Akaisoma yote mpaka injini inawaka, polepole, gari lake likiwa limezimwa kando ya barabara. Sijawahi kuona mtu akimsikiliza yule mchungaji kwa makini vile.

"Inaelekea ilikuwa hadithi nzuri hii," akasema. "Mwanzo wake uko wapi?"

Mama akanitazama, karibu apaliwe. Nikamwambia mwanzo uko Sengerema, kwa mafundi cherehani, na kwamba siku hizi si mbali.